Majini wa Kijuju na Vikongwe wa Usukumani



Wapendwa waamini wa hapa Ngulyati, nanyi nyote mnaotusoma kila juma mkiwa mbali na nyumbani, leo tunaomba ruhusa ya kuacha kidogo mada zetu za kawaida. Tunataka kuzungumza juu ya gemu. Wazee wasicheke, na vijana wasidhani kwamba tunawajia na fimbo. Mwishoni mtaona kwamba jambo lenyewe linatuhusu sote, na linamhusu zaidi yule ambaye hajapata kushika pedi ya gemu maishani mwake.

Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, tulikuwa tumeketi chini ya mwembe tukisubiri kikao. Karibu nasi walikuwapo vijana watatu, wawili kati yao wanafunzi waliorudi likizo kutoka Mwanza, wakibishana kwa sauti. Ubishi ulikuwa mkali kuliko ule wa Simba na Yanga, basi tukatega sikio. Walikuwa wakibishania gemu liitwalo Resident Evil 5, la kampuni ya Capcom ya Japani, lililotoka Machi 2009. Ni la zamani sasa, lakini mashine kuukuu ndizo wanazozimudu vijana wetu, na gemu hili bado wanalicheza. Mwaka 2010 kampuni ilitoa sehemu mbili za nyongeza, Lost in Nightmares na Desperate Escape, kila moja kwa bei ya kama dola 5, kisha ikaziunganisha na gemu lenyewe katika toleo moja.

Kijana wa kwanza alishikilia kwamba nyongeza ya Lost in Nightmares ndiyo bora, kwa sababu inatisha kweli: ni jumba kubwa la kale, usiku, ngurumo za radi, milango inayolia, na maadui wachache mno. Wa pili alisema hiyo inachosha; kwake nyongeza ya maana ni Desperate Escape, kwa kuwa unapiga risasi tangu mwanzo hadi helikopta inapokuja kukuokoa juu ya paa. Wa tatu alilalamika kwamba zote mbili ni fupi, saa moja hivi umekwisha maliza, na fedha imekwenda.

Wakati wakiendelea, alipita bibi mmoja wa kigango cha jirani, ameinama juu ya mkongojo wake, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Mdogo wake mmoja wa vijana hao, mtoto wa darasa la tatu aliyekuwa akiwasikiliza kaka zake kwa mdomo wazi, akanyanyua kijiti, akamlenga yule bibi, akasema: “Jini! Paa! Paa!” Kaka zake wakacheka. Bibi naye akacheka, maana ni mtu mwenye moyo mwema, akaendelea na safari yake. Sisi hatukucheka. Kikao tulikihudhuria mwili tu, mawazo yalibaki pale chini ya mwembe.

Tuwaeleze wasiolijua gemu hili. Hadithi yake inatokea katika mji wa kubuni uitwao Kijuju, Afrika ya Magharibi. Askari wa Kimarekani, Chris Redfield, anafika huko na kukuta kwamba wenyeji wameingiziwa vimelea vinavyotawala akili zao. Wanamshambulia kwa mashoka na mapanga, naye anawapiga risasi, mitaa kwa mitaa, umati kwa umati. Wenyeji hao wanaitwa “Majini”, na mchezaji anaelezwa kwamba ni neno la Kiswahili. Nao wanapopiga kelele, wanapiga kelele kwa Kiswahili. Ndiyo, lugha ya sala zetu, lugha ambayo kwayo tunasema “Baba yetu uliye mbinguni”, ndiyo waliyopewa wale wanaopaswa kuuawa.

Mtu anayekijua Kiswahili anaweza kutabasamu. Afrika ya Magharibi si nyumbani kwa Kiswahili. Tena “majini” kwetu ni wingi wa jini, au ni mahali penye maji. Si mtu mgonjwa aliyeingiliwa na mdudu. Watu wa Kijuju walivyochorwa wanafanana zaidi na wale ambao hapa kwetu watu huwaita misukule. Lakini kosa la sarufi na la jiografia ni dogo. Kuna kosa kubwa zaidi, nalo ndilo tunalotaka kulipinga.

Mabishano tuliyoyasikia chini ya mwembe si ya Ngulyati peke yake. Tangu 2010 ndiyo yaliyotawala maoni ya wachezaji wa nyongeza hizi kila mahali. Wapenzi wa magemu ya zamani ya mfululizo huu walifurahi kurudishiwa jumba, giza na mafumbo. Wapenzi wa mapambano walisifu mbio na risasi. Wengine walipima urefu na bei kama mtu anayepima pamba kwenye mizani. Hatusemi kwamba maoni hayo ni ya kijinga. Mtu aliyetoa fedha yake ana haki ya kuuliza alichopata. Na wale waliosema kwamba hofu hupungua kadiri risasi zinavyoongezeka, wamesema jambo la kweli kuhusu moyo wa mwanadamu. Mtu mwenye bunduki iliyojaa, mbele ya umati usio na majina, haogopi tena, anavuna tu.

Lakini hebu tuziweke nyongeza hizo mbili kando kwa kando, tuulize swali ambalo vijana wetu hawakuliuliza. Katika Lost in Nightmares tupo Ulaya, ndani ya jumba la tajiri aitwaye Spencer, mtu aliyetenda maovu makubwa kuliko wanakijiji wote wa Kijuju. Humo mchezaji anatembea polepole, anasoma karatasi, anafungua milango kwa adabu, anatafuta kuelewa. Katika Desperate Escape tupo Afrika. Hapo hakuna cha kusoma sana wala cha kuelewa. Kuna umati na kuna risasi. Uovu wa jumba la Ulaya ni fumbo linalostahili kufikiriwa. Uovu wa kijiji cha Kiafrika ni idadi inayostahili kupunguzwa. Pamoja na nyongeza hizo ukaja pia mchezo mdogo ambamo unapewa dakika kadhaa za kuua wengi uwezavyo, na kila anayeanguka unaongezewa alama.

Kuna jambo zito kuliko hilo. Desperate Escape inaanza pale mwanamke aitwaye Jill Valentine, Mmarekani, anapozinduka. Kabla ya hapo, katika gemu lenyewe, Jill naye alikuwa ametawaliwa akili. Kifaa kilibandikwa kifuani mwake, naye akawashambulia rafiki zake mwenyewe. Je, mchezaji anaruhusiwa kumpiga risasi hadi afe? La, hasha. Ukimwua, umeshindwa. Sharti umshike, uvumilie mapigo yake, ukibandue kile kifaa kidogo kidogo mpaka awe huru, kwa sababu yeye si adui. Adui ni kile kilichomtawala. Basi mwanamke huyo akiisha kuokolewa kwa subira na huruma kiasi hicho, anasimama, anachukua bunduki, na nyongeza inaanza: sasa yeye anawapiga risasi watu ambao nao wametawaliwa akili bila kupenda kwao.

Wapendwa, watengenezaji wa gemu hili wanajua vizuri sana kumtenganisha mtu na uovu uliomwingia. Wanajua, maana wamefanya hivyo kwa mmoja. Kwa nini mmoja huyo alistahili, na mji mzima haukustahili hata kujaribiwa?

Tunajua majibu yatakayotolewa, nasi tutayajibu kwa haki.

Jibu la kwanza: kimelea cha Kijuju hakitoki, kifaa cha Jill kinatoka. Ndivyo hadithi inavyosema. Lakini hadithi hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Mtu aliketi mezani akaamua nani ataponyeka na nani hataponyeka. Mwandishi wa hadithi hawezi kujificha nyuma ya hadithi aliyoiandika mwenyewe.

Jibu la pili: wamo pia Waafrika wema. Ni kweli. Sheva Alomar anapigana bega kwa bega na Chris, na Josh Stone ndiye anayekimbia pamoja na Jill katika nyongeza. Ni kweli pia kwamba katika gemu la nne, lililotoka 2005, waliofanywa umati wa kuuawa walikuwa wanakijiji wa Hispania, nao waliongea Kihispania. Tunakubali. Mwaka 2008, N'Gai Croal, mwandishi wa jarida la Newsweek ambaye ni mtu mweusi, alieleza jinsi filamu fupi ya kulitangaza gemu hili, iliyoonyeshwa 2007, ilivyowachora watu weusi kana kwamba si binadamu hata kabla hawajaonekana kuwa wagonjwa. Watengenezaji wakajibu kwamba hawakukusudia ubaguzi. Sisi hatuna haja ya kuhukumu nia zao. Tunahukumu somo linalofundishwa, nalo ni hili: wapo watu ambao, wakishapewa jina fulani, hawahesabiwi tena kuwa watu. Somo hilo ni baya likifundishwa juu ya Mhispania, na ni baya likifundishwa juu ya Mwafrika.

Jibu la tatu, nalo ndilo linalopendwa zaidi: ni mchezo tu. Hatuamini kwamba kijana akicheza gemu usiku ataamka asubuhi akiwa muuaji. Tunawafahamu vijana wengi wanaolicheza, nao ni wanakwaya wazuri na wanaheshimu wazazi wao. Lakini Baba Mtakatifu Benedikto wa 16, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni mwaka 2007, aliyataja magemu kwa jina, akaonya kwamba kuutukuza ukatili kwa kisingizio cha burudani ni upotovu. Hakusema kila gemu ni dhambi. Alisema burudani nayo inalea. Na kama burudani hailei, yule mtoto wa darasa la tatu alijifunza wapi kwamba jini ni wa kulengwa?

Na hapa, ndugu zangu, ndipo kidole tulichowanyooshea Wajapani kinapotugeukia sisi wenyewe.

Gemu hilo lilianza kuuzwa Ulaya na Marekani tarehe 13 Machi 2009. Siku nane baadaye, tarehe 21 Machi 2009, Baba Mtakatifu Benedikto alikuwa Luanda, Angola, akiadhimisha Misa na maaskofu, mapadre, watawa na makatekista. Aliwakumbusha kwamba wapo watu wengi wanaoishi katika hofu ya mapepo na nguvu za uovu, na kwamba katika kuchanganyikiwa kwao wanafikia kuwahukumu watoto wa mitaani na hata wazee kuwa ni wachawi. Hakuwa akizungumza juu ya Kijuju. Alikuwa akizungumza juu ya Afrika hii halisi. Na laiti angekuwa amesimama hapa Usukumani, asingehitaji kubadili neno hata moja.

Maana sisi tulianza mapema kuliko Capcom. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilieleza kwamba kati ya 2005 na 2011 watu wapatao 3,000 waliuawa nchini kwa kutuhumiwa uchawi. Mikoa ya Kanda ya Ziwa, ukiwamo Shinyanga ambamo Bariadi yetu ilikuwamo kabla Mkoa wa Simiyu haujaundwa mwaka 2012, ilitajwa tena na tena. Waliouawa wengi walikuwa wanawake wazee. Kosa lao? Macho mekundu. Na macho hayo yamekuwa mekundu kwa nini? Kwa sababu bibi amepikia kuni na mavi ya ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha kwa miaka 50, akiwapikia wale wale ambao sasa wanayaogopa macho yake. Katika miaka hiyo hiyo tukashuhudia ndugu zetu wenye ualbino wakikatwa viungo, na Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiwa imeketi Kahama, ikawahukumu kifo wanaume 3 kwa mauaji ya mvulana mmoja mwenye ualbino. Huyo naye alikuwa amepewa jina lililomwondoa katika idadi ya wanadamu. Walimwita zeruzeru, wakamwita mali.

Angalieni jinsi mambo haya yanavyofanana na gemu. Kwanza panakuwa na msiba usioeleweka: mtoto amekufa, ng'ombe wameanguka, pamba imekauka. Pili anatafutwa mtu wa kuueleza, naye ni mpiga ramli. Tatu linatolewa jina: mchawi. Na jina likishatolewa, yote yamekwisha. Hakuna anayeuliza tena kama huyu ni mama wa nani, alibatizwa lini, alimnyonyesha nani. Wanaokuja usiku na mapanga hawamwoni bibi, wanaona Majini. Hata dola yenyewe haikuepuka mtego huu. Katika miaka ya 1970, wakati wa operesheni ya kuyakomesha mauaji hayo hayo katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya usalama na baadhi yao wakafa, na mzee wetu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akawajibika kwa kujiuzulu. Jina “muuaji” nalo lilitosha kumwondolea mtu ubinadamu wake.

Ikiwa basi tunakasirika kwamba Mjapani ameipa lugha yetu kwa majitu yasiyo na roho, tukasirike kwanza kwamba sisi tumelipa jina la uovu uso wa bibi yetu. Yeye alitunga umati wa picha. Sisi tulichimba makaburi.

Kristo alifanyaje? Mwinjili Marko, katika sura ya tano, anasimulia habari za mtu wa nchi ya Wagerasi aliyekaa makaburini, aliyevunja minyororo, aliyepiga kelele usiku na mchana na kujikatakata kwa mawe. Kama Majini wapo, huyu ndiye. Wenzake walikuwa wamekwisha kumtoa katika hesabu ya walio hai. Bwana wetu alipofika, hakuchukua silaha. Aliuliza jina. Kisha akafanya kile ambacho gemu lilikifanya kwa Jill peke yake, na ambacho mpiga ramli hakifanyi kwa mtu yeyote: akamtenganisha mtu na pepo. Pepo wakaenda zao, nguruwe wapatao 2,000 wakaangamia ziwani, na mtu yule akaonekana ameketi, amevaa nguo, ana akili zake timamu. Wenye nguruwe waliona hasara. Kristo aliona kwamba mtu mmoja anastahili gharama hiyo, hata awe yule ambaye kijiji kizima kilimwita jini.

Hiyo ndiyo imani yetu. Kanisa halisemi kwamba uovu haupo. Katekisimu inatukataza ramli na uchawi wa kila namna. Lakini Katekisimu hiyo hiyo inatuambia kwamba anayeamini ubaya wa jirani yake bila msingi wa kutosha, hata moyoni tu, ametenda kosa la hukumu ya haraka. Mkristo anayemkimbilia mpiga ramli ili atajiwe mchawi wake anaanguka katika makosa yote mawili kwa nauli moja.

Tufanye nini? Hatutawaagiza wazazi wavunje mashine za gemu. Kijana aliyenyang'anywa gemu nyumbani atalicheza kibandani, na hapo hatakuwa na wa kumwuliza swali. Tunawaomba wazazi waketi karibu naye hata mara moja, waangalie, kisha wamwulize: huyu uliyempiga sasa hivi, alikuwa nani kabla hajaitwa hivyo? Na vijana wetu, mkiendelea na ubishi wenu kuhusu nyongeza ipi ni bora, tunawaombeni mwongeze kipimo kimoja juu ya vile vya urefu, bei na hofu. Ulizeni ni nani anayehesabiwa kuwa mtu ndani ya hadithi, na ni nani asiyehesabiwa. Hadithi inayomhesabu kila mtu inaweza kutisha sana na bado ikawa nzuri.

Kwa Jumuiya Ndogo Ndogo tunatoa ombi moja la mwezi huu. Kila jumuiya imtaje kwa jina kila bibi anayeishi peke yake katika eneo lake. Atembelewe. Vijana wenye nguvu wamtobolee dirisha jikoni au wamjengee jiko lenye bomba la kutolea moshi. Ni kazi ya siku moja. Na pale katika jumuiya mtu atakapothubutu kutamka kwamba fulani ndiye aliyemloga mtoto, asiachwe amalize sentensi yake. Ukimya wetu ndio panga la kwanza.

Yule bibi aliyepita chini ya mwembe tulimfuata jioni nyumbani kwake. Tulikwenda na yule mtoto wa darasa la tatu pamoja na kaka yake. Mtoto alikuwa na aibu, akasimama mlangoni. Bibi akamwuliza ni wa nani. Alipojibu, bibi akacheka akasema yeye ndiye aliyempokea mama yake siku alipozaliwa, kwa mikono hiyo hiyo. Kisha akamwuliza: “Nawe unaitwa nani?” Mtoto akataja jina lake la ubatizo.

Tuwaombee wote wanaolala leo usiku wakiogopa hatua za watu nje ya nyumba zao. Bwana awe nanyi.